Ziara ya Mwanza: kila mlango una mwenyewe

Wengi wanaokuja Mwanza kutembea hupanga safari kwa kuangalia picha. Wameona jiwe la Bismarck, wameona swala kisiwani Saanane, wameona mcheza ngoma amejiviringishia chatu shingoni, basi wanasema twende, mengine tutayajua huko huko. Wakifika wanakuta kisiwa hakipokei fedha taslimu, meli ya kwenda kisiwa cha Ukerewe imeshang'oa nanga, na makumbusho waliyodhani yako katikati ya mji yako wilaya nyingine. Siku mbili zinaishia stendi na hotelini, na mtu anarudi kwao akisema Mwanza hamna cha kuona. Inauma kusikia hivyo, kwa sababu vipo tele.

Mwanza haina lango moja la watalii kama ilivyo kwenye hifadhi kubwa. Kisiwa cha Saanane kiko chini ya TANAPA, shirika la hifadhi za taifa. Makumbusho ya Bujora, ya utamaduni wa Wasukuma, yamekulia ndani ya parokia ya Kikatoliki. Bandari ina taratibu zake, vilima vina wakazi wake, na visiwani kuna mawe yenye wazee wanaoyatunza. Kwa hiyo kupanga ziara hapa ni kujua, kabla hujaondoka kwako, kila mahali pana mwenyewe gani na anataka nini mlangoni. Nitakwenda hatua kwa hatua, kwa mpangilio ambao ningemshauri ndugu yangu aufuate.

Hatua ya 1: Jua unahesabiwa kama nani

Viingilio vya hifadhi za taifa Tanzania vimepangwa kwa makundi. Raia wa nchi za Afrika Mashariki wana bei yao, nayo ni ya shilingi. Wageni wanaoishi nchini kwa kibali wana yao, na wageni wanaotoka nje wana yao, ambayo hutajwa kwa dola. Tofauti kati ya bei ya raia na bei ya mgeni wa nje ni kubwa sana. Lakini uraia hauonekani usoni wala hausikiki kwenye Kiswahili chako, unathibitishwa kwa kitambulisho. Mtanzania aje na kitambulisho cha taifa, kile cha NIDA, au walau namba yake pamoja na leseni ya udereva au kadi ya mpiga kura. Mkenya, Mganda, Mnyarwanda na Mrundi waje na pasipoti au hati ya muda ya kusafiria waliyovukia mpaka, na watembee nayo. Usiiache hotelini.

Watoto nao wana hesabu yao: chini ya miaka 5 hawalipi, na kuanzia 5 hadi 15 hulipa kiwango cha mtoto. Kama una mwanao wa miaka 15 aliyerefuka kukupita, beba nakala ya cheti chake cha kuzaliwa. Walimu wanaoleta wanafunzi waje na barua ya shule yenye mhuri na orodha ya majina.

Viwango vya TANAPA hupangwa kwa mwaka wa fedha, yaani kuanzia Julai 1 hadi Juni 30. Mtu aliyekwenda mwezi wa nne anaweza kukutajia bei ambayo mwezi wa nane haipo tena. Angalia tovuti ya TANAPA au piga simu ofisi ya hifadhi wiki ile ile unayosafiri.

Kwa mgeni anayetoka nje ya Afrika Mashariki, kuna mlango wa nchi kwanza. Viza huombwa mtandaoni kabla ya safari. Ya kawaida ya kuingia mara moja ni dola 50 kwa mataifa mengi, na raia wa Marekani hulipia dola 100 kwa ile ya kuingia mara nyingi. Anayetoka au kupitia nchi yenye homa ya manjano, na majirani zetu Kenya na Uganda wamo, awe na cheti cha chanjo, ile kadi ya njano. Kwenye mipaka ya Sirari, upande wa Kenya, na Mtukula, upande wa Uganda, unaweza kukwama kwa kadi ya njano kama kwa pasipoti, basi usiiweke ndani ya begi lililofungwa juu ya basi.

Na mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku Tanzania tangu Juni 1, 2019. Ukitoka nchi ya jirani na vitu vyako kwenye mfuko wa nailoni, viweke kwenye begi kabla ya kufika mpakani.

Hatua ya 2: Chagua majira

Juni hadi Septemba ndiyo miezi mizuri kuliko yote. Mvua imekatika, barabara za vumbi za visiwani zinapitika, na miaka mingi ndani yake mna Bulabo, sikukuu ya mashindano ya ngoma za Wasukuma nitakayoieleza mbele. Masika ya Machi hadi Mei na vuli ya Oktoba hadi Desemba hayakatazi safari ya mjini, lakini yanabadilisha hesabu ya majini.

Ziwa hili lina kilomita za mraba zipatazo 68,800 na lina tabia ya kutengeneza hali yake ya hewa. Usiku upepo hutoka nchi kavu kwenda ziwani, hukutana katikati, na hapo ndipo mawingu ya radi huzaliwa. Ndiyo maana dhoruba mbaya za ziwani hupenda usiku na alfajiri. Mchana upepo hugeuka ukaja nchi kavu, na kufikia alasiri mawimbi yameshanyanyuka. Kwa boti ndogo, saa tatu asubuhi hadi saa sita mchana ndio muda wa kuaminika. Miezi ya mvua, sikiliza utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa jioni ya siku moja kabla, na nahodha akisema leo hapana, usimbembeleze.

Hatua ya 3: Panga maji kwanza

Hapa ndipo ratiba nyingi huharibika. Watu hupanga mji, kisha Bujora, halafu wanasema siku itakayobaki tutavuka Ukerewe. Fanya kinyume chake. Meli ndiyo kitu pekee kwenye ziara yako ambacho hakitakusubiri, na ratiba zake hubadilika kwa matengenezo na kwa msimu. Anza kwa kujua siku na saa ambazo meli ya Nansio, bandari ya Ukerewe, inaondoka na kurudi, ziandike, halafu vingine vyote vijaze nafasi zilizobaki.

Meli za abiria hutumia Bandari ya Kaskazini, ambayo ni umbali wa kutembea kwa miguu kutoka katikati ya mji. Hapo ndipo MV Victoria huondokea kwenda Bukoba, na meli za kwenda Nansio zipo kadhaa, za serikali na za binafsi. Nenda bandarini mwenyewe siku moja kabla ukanunue tiketi dirishani. Utaulizwa jina na kitambulisho, na jina lako litaingia kwenye orodha ya abiria. Toa jina lako halisi. Usikubali kusafiri kwa tiketi yenye jina la mtu mwingine hata kama imepunguzwa bei.

Hilo la orodha si urasimu, limelipiwa kwa uhai wa watu. Mei 21, 1996 MV Bukoba ilizama ikikaribia Mwanza ikitokea Bukoba, na mamia ya watu walikufa. Ilikuwa imebeba kupita uwezo wake, na mpaka leo idadi kamili ya waliokuwa ndani inabishaniwa. Septemba 20, 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikikaribia kutia gati kisiwa cha Ukara, kikiwa na watu zaidi ya maradufu ya walioruhusiwa, na zaidi ya watu 220 walipoteza maisha. Kwa hiyo ukiona chombo kimeinama upande mmoja, mizigo imezidi na watu bado wanapanda, shuka. Nauli uliyolipa isikushawishi kubaki. Kwenye boti ndogo, vaa jaketi la uokozi kabla injini haijawashwa na ulifunge kamba zote, usilikalie kama mto. Ukilikosa, omba. Ukiambiwa hayatoshi, subiri boti nyingine.

Waliofariki katika ajali ya MV Bukoba wengi wamezikwa Igoma, pembezoni mwa jiji kwenye barabara ya Musoma. Utapita hapo ukienda Bujora. Anayetaka kusimama na kuwaombea anaweza, kwa staha, bila kupiga picha za kujionyesha juu ya makaburi.

Hatua ya 4: Saanane, asubuhi ya kwanza

Saanane ni hifadhi ndogo kuliko zote za taifa Tanzania: kilomita za mraba 2.18 tu, ukijumlisha na maji yanayoizunguka. Ilianza mwaka 1964 kama bustani ya kwanza ya wanyama nchini, ikaja kuwa pori la akiba, kisha mwaka 2013 ikatangazwa hifadhi ya taifa. Jina ni la mzee Saanane Chawandi, mvuvi na mkulima aliyekuwa akiishi kisiwani kabla serikali haijakichukua.

Utaratibu ni huu. Nenda ofisi ya hifadhi iliyoko Capri Point, ufukweni. Kutoka katikati ya mji ni bodaboda au bajaji ya dakika chache. Pale utaonyesha kitambulisho, utatengenezewa kumbukumbu namba ya malipo, na utalipa kwa simu, kwa benki au kwa kadi. Fedha taslimu hazipokelewi. Hakikisha simu ina salio la kutosha pamoja na makato ya muamala, na kwamba ina chaji. Uliza kabla ya kulipa: usafiri wa boti umo ndani ya kiingilio au ni wa kulipia pembeni? Na mwongozaji? Kila kimoja kina bei yake, na ni vizuri ujumlishe kabla, hasa mkiwa kikundi.

Boti inachukua kama dakika kumi. Ukishashuka, viatu ndivyo vitakavyoamua utaona nini. Njia zinapanda juu ya mawe, na mawe ya Saanane yakilowa yanateleza. Raba zenye meno, kofia, na lita moja ya maji kwa kila mtu. Sandozi na viatu vya kisigino viache hotelini.

Usiende kwa haraka ya kutafuta wanyama wakubwa. Swala pala utawaona, tumbili watakuona wao kwanza, na pimbi wamejaa kwenye nyufa za miamba wakijianika jua. Lakini simama mbele ya jiwe lolote lililopata jua la saa nne, utulie dakika moja. Atatokea mjusi dume, kichwa na mabega mekundu yanayoelekea zambarau, kiwiliwili cha bluu iliyokolea, akinyanyua kifua juu na chini kama anayepima nguvu za mikono. Huyo ni Agama mwanzae, na jina lake la kisayansi limetokana na mji huu. Jike lake ni la rangi ya udongo na huwa karibu, ukitazama vizuri. Wageni husafiri kutoka mbali kuja kumpiga picha, nasi tunampita kila siku ukutani bila kumtazama.

Makatazo ya kisiwani ni machache na yana sababu. Usiogelee, mamba wapo. Usilishe tumbili, kwa kuwa akishazoea mkate wa wageni atakuja kumrukia mtoto wa mwenzio. Usiokote jiwe, nyoya wala fuvu ukarudi nalo. Droni hairushwi bila kibali. Chakula unaweza kubeba, na taka zako urudi nazo.

Nusu siku inatosha. Rudi kabla upepo wa alasiri haujashika.

Hatua ya 5: Mji wenyewe, kwa miguu

Hapa hakuna kiingilio, lakini wenyewe wapo.

Wajerumani waliweka kituo chao cha utawala Mwanza mwaka 1892, wakatawala hadi Waingereza walipouteka mji Julai 1916. Miaka ya mwisho ya utawala wa Mjerumani, mkuu wa hapa alikuwa Theodor Gunzert, na nyumba inayobeba jina lake iko juu ya kilima, imechakaa. Itazame kwa nje. Usipande kuta zake wala usichore jina lako. Majengo na mabaki ya kale yanaweza kulindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, na zaidi ya sheria, hayajengwi tena.

Jiwe la Bismarck, lile lililosimama majini juu ya mengine kama limewekwa kwa mkono, linaonekana vizuri kutoka ufukweni karibu na kivuko cha Kamanga. Nenda saa kumi na moja jioni. Lilipewa jina la kansela wa Ujerumani, Otto von Bismarck, ambaye hakukanyaga hapa. Usiingie majini kulifuata: kando ya mwambao kuna konokono wa kichocho, na hilo linahusu ufukwe mwingi wa ziwa hili penye maji yaliyotulia na majani.

Kilima cha Isamilo ndicho alichosimama Mwingereza John Hanning Speke Agosti 3, 1858 akayatazama maji makuu ya ziwa na kuamua kwamba hapa ndipo Nile inapoanzia. Ziwa akalipa jina la malkia wake. Kwenye mnara wa saa katikati ya mji yapo maandishi ya kumkumbuka. Ukitaka kuona alichokiona, panda Isamilo, lakini fahamu kwamba njia nyingi za juu zinapita uani kwa watu. Nyumba za Mwanza zimejengwa kati ya mawe na juu ya mawe, na lile jiwe lenye mandhari nzuri kuliko yote mara nyingi ndilo mama wa nyumba anaanikia mihogo. Piga hodi. Salimia: asubuhi "mwangaluka", mchana "mwadila", na ukikaribishwa sema "wabeja". Utapewa kigoda, na pengine kijana wa kukuonyesha njia, naye umpe chochote cha soda.

Picha za watu omba kwanza. Bandarini, uwanja wa ndege na maeneo ya jeshi na polisi usipige kabisa.

Hatua ya 6: Bujora, siku nzima

Kama una siku moja tu Mwanza, mimi ningekwambia uitoe Bujora, hata Saanane isubiri.

Panda daladala ya Kisesa kwenye barabara ya Musoma. Ni kama kilomita 20 kutoka mjini, na ukishafika Kisesa utakuwa umeshaingia wilaya ya Magu. Shuka Kisesa, chukua bodaboda au tembea kwa miguu ukiulizia Bujora, kila mtu anapajua. Wenye gari binafsi wafike asubuhi, kabla malori hayajaijaza barabara.

Makumbusho haya yalianzishwa na Padre David Clement, mmisionari kutoka Kanada wa shirika la Wamisionari wa Afrika, ambaye Wasukuma walimpa jina la Fumbuka. Aliingia Bujora miaka ya 1950, akajifunza lugha na ngoma, akawaalika wazee walete vitu vya himaya zao vilivyokuwa vinapotea, na mwaka 1968 makumbusho yakawa yamesimama. Kanisa la pale ni la duara kwa mtindo wa nyumba ya mtemi, yaani chifu wa Kisukuma. Ingia kwa heshima unayoingilia kanisa lolote: kofia mkononi, mabega yamefunikwa, simu kimya. Kama kuna misa, ngoja nje.

Mlangoni utalipa kiingilio na utapewa mwongozaji. Mchukue, hata kama unadhani unajua kusoma maelezo mwenyewe. Vitu vyenyewe havisemi kama hakuna Msukuma wa kuvisemea. Uliza mapema kuhusu picha, kwani kuna vyumba na vitu ambavyo hupigi bila ruhusa, na kupiga picha kunaweza kuwa na malipo yake.

Utapita nyumba za asili, utaona zana za mhunzi, za mganga na za jikoni. Kisha utafika kwenye jengo lililojengwa kwa umbo la kiti cha enzi cha mtemi. Ndani yake zimo ngoma za watemi kutoka himaya mbalimbali za Usukuma. Hapa kaa. Ngoma hizi hazikuwa za kuchezea, zilikuwa ndizo utemi wenyewe. Muulize mwongozaji ipi ilitoka kwenu kama wewe ni wa huku, au ipi ilitoka Ntuzu, ipi Nera, na ilipigwa lini: mtemi akitawazwa, akifa, au kukiwa na hatari. Usiguse ngozi. Jasho la vidole vya wageni mia huharibu kile ambacho miaka mia haikuharibu.

Sasa Bulabo. Wasukuma wana vyama viwili vikuu vya ngoma, Bagika na Bagalu, na asili yake inaelezwa kwa waganga wawili mahasimu wa karne ya 19, Ngika na Gumha, waliobishana nani ana dawa kali. Waliamua ugomvi kwa ngoma, na mpaka leo ndivyo inavyoamuliwa. Vikundi viwili vinacheza kwa wakati mmoja, uwanja mmoja, kila kimoja upande wake, na anayevuta watu wengi ndiye mshindi. Mtazamaji ndiye hakimu, kwa miguu yake. Ndiyo maana utaona mtu na chatu, mtu na fisi wa kuchonga, mtu anacheza na jembe kinywani: kila kikundi kinatafuta cha kukutoa ulipo kikulete kwake.

Sherehe hizi hufungamana na sikukuu ya Ekaristi Takatifu, na kwa kuwa sikukuu hiyo hufuata Pasaka, tarehe huhama kila mwaka. Kuijua ni rahisi: hesabu wiki tisa baada ya Jumapili ya Pasaka. Pasaka ya 2026 ni Aprili 5, basi Jumapili hiyo ni Juni 7. Pasaka ya 2027 ni Machi 28, basi ni Mei 30. Ngoma huendelea kwa siku kadhaa kuanzia hapo. Vyumba vya kulala Kisesa ni vichache, weka nafasi mapema au lala mjini ukienda na kurudi.

Uwanjani siku hiyo kuna sheria moja isiyoandikwa: usivuke mstari wa wachezaji kutoka upande mmoja kwenda mwingine ukikata katikati. Zunguka nyuma ya watu. Na kama huwezi kustahimili nyoka, simama nyuma ya watoto, wao watakwambia anakuja upande gani.

Hatua ya 7: Ukerewe, na Ukara ukiweza

Ukerewe ndicho kisiwa kikubwa kuliko vyote katika Ziwa Victoria, na ni kisiwa kikubwa kuliko vyote vya maji baridi Afrika. Meli kutoka Mwanza hadi Nansio ni saa tatu au zaidi kidogo kutegemea chombo. Anayeogopa safari ndefu ya majini azunguke kwa barabara: Mwanza, Bunda, Kisorya, halafu kivuko kifupi hadi Rugezi. Ni mwendo mrefu zaidi lakini majini unakaa kidogo.

Panga kulala walau usiku mmoja. Anayekwenda asubuhi akarudi jioni ataona Nansio na gati lake basi. Toa fedha mjini kabla ya kuvuka, na beba noti ndogo kwa ajili ya bodaboda, ambayo ndiyo usafiri wako wa kisiwani. Mkubaliane bei ya siku nzima kabla ya kupanda, mafuta yakiwemo.

Huko tazama jumba la watemi wa Ukerewe lililoko Bukindo, ambalo linahusishwa na Chifu Lukumbuzya. Fika kwanza ofisi ya kijiji au kwa mwenyekiti wa kitongoji, ujitambulishe, useme unatoka wapi na unataka kuona nini. Atakupa mtu. Huo ndio utaratibu wa visiwani kwa kila mahali pa kale, na ni utaratibu mzuri: yule mtu atakayekufuata ndiye anayejua jumba lilikuwa na nini kila chumba.

Ukara iko mbele zaidi, kwa kivuko cha Bugolora. Huko liko jiwe linalocheza, ambalo watu huenda kuliona likitikisika. Hili lina wazee wake na masharti yake. Usiende peke yako ukaanza kulisukuma kwa ajili ya video. Fika kwa wazee, uliza sadaka inayotakiwa ni nini, itoe bila kubishana sana, vua viatu ukiambiwa uvue, nyamaza ukiambiwa unyamaze. Hata kama imani yako ni nyingine, wewe ni mgeni kwenye ibada ya watu.

Wanaokuja Mwanza wakitokea Geita, Kagera au Rwanda wana unafuu mpya: tangu Juni 2025 Daraja la J.P. Magufuli kati ya Kigongo na Busisi, lenye urefu wa kama kilomita 3, limechukua nafasi ya kivuko. Saa zilizokuwa zinaliwa na foleni ya magari Kigongo unaweza sasa kuziongeza Bujora.

Kabla hujarudi: samaki

Hakuna anayetoka Mwanza mikono mitupu. Soko la Kirumba Mwaloni ndilo la dagaa na samaki wakavu, nenda asubuhi na viatu visivyoogopa maji. Dagaa wanuse na uwavunje: mzuri anavunjika kwa mlio na hana mchanga kwenye kiganja, wa mchanga alianikwa chini. Michembe na matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa, utapata mitaani, vinakaa miezi.

Kwa samaki wabichi, kuna kipimo kisheria. Sangara wa chini ya sentimita 50 na sato wa chini ya sentimita 25 hawaruhusiwi kuvuliwa wala kuuzwa, na ukikutwa nao njiani wewe mnunuzi ndiye utakayeulizwa. Sentimita 25 ni kama shubiri na vidole viwili vya mtu mzima. Mwambie muuzaji akulaze samaki juu ya meza upime kabla hajampaa magamba, akupe risiti, akufungie kwa barafu kwenye boksi lililozibwa kwa gundi pande zote. Makondakta wa mabasi ya mbali hukataa boksi linalovuja, na wana haki, kwa sababu aliyekaa chini ya mzigo wako naye anasafiri usiku kucha. Kwa ndege, uliza kampuni yako siku moja kabla kama wanapokea samaki na kwa ufungaji gani, halafu nunua.